Kutoka Makoroboi hadi Nansio: mwongozo kamili wa kuanza kuuza mtandaoni ukiwa na duka Mwanza

Mwenye duka Mwanza akiambiwa aingie mtandaoni, mara nyingi anafungua ukurasa wa Instagram na kuanza kupost picha. Baada ya wiki chache anakuwa na wafuasi mia mbili, wengi wao wauzaji wenzake, na oda hakuna. Anakata tamaa, anasema mambo ya mtandao ni ya Dar es Salaam. Kosa liko mwanzoni kabisa: ameanza na watu wasiomjua, wakati ana mamia ya watu wanaomjua, ambao kila mwezi wanatoa nauli kuja mpaka mlangoni kwake.

Mwanza ni soko la kanda nzima. Mkoa peke yake ulihesabiwa watu zaidi ya milioni 3.6 kwenye sensa ya 2022, na hapo hujaweka Geita, Simiyu, Mara na Kagera. Mama mwenye duka dogo Sengerema, mwalimu wa Nansio, mchimbaji wa Geita, fundi cherehani wa Magu, wote wanajua maduka ya Makoroboi na Soko Kuu hapa mjini. Wanapanda gari asubuhi, wanazunguka juani, wananunua, wanarudi jioni wamechoka. Kazi yako mtandaoni ni kumwondolea mtu huyo ile safari. Ukilishika hilo, utajua uanzie wapi, upige picha ya nini na upeleke mzigo kwa njia ipi.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano wa duka la mashuka, mapazia, vitenge na madera, kwa sababu bidhaa hizo ni nyepesi, hazivunjiki na hazina tarehe ya kuharibika. Ukiuza vyombo, spea za pikipiki au vifaa vya simu, hatua ni zilezile, utabadilisha ufungashaji tu.

Anza na namba ulizonazo

Chukua daftari jipya. Kwa wiki mbili, kila anayenunua dukani mwombe mambo matatu: jina, namba ya WhatsApp, na anakotoka. Mwambie ukweli: "Mama, nataka mzigo mpya ukiingia nikutumie picha, usije bure." Wengi watakupa bila shida. Asiyetaka mwache, usimlazimishe, na usichukue namba za watu kwenye magrupu ya kanisani au ya vikoba ukaanza kuwatumia matangazo. Mbali na kwamba inachukiza, tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, namba ya mtu ni taarifa yake, na anayeichukua anapaswa kumwambia ni ya kazi gani.

Mwombe pia aisevu namba ya duka hapohapo, mbele yako. Orodha ya matangazo ya WhatsApp, ile inayotuma ujumbe mmoja kwa watu wengi, huwafikia wale tu walioisevu namba yako. Unaweza kuwa na watu mia mbili kwenye orodha na ujumbe ukafika kwa thelathini, ukabaki unashangaa kwa nini hawajibu.

Wiki mbili zikiisha, panga daftari lako kwa njia za usafiri. Usipange kwa majina. Wa barabara ya Sengerema na Geita kundi moja, wa Magu, Bunda na Musoma kundi jingine, wa Ukerewe lao, na wa mjini lao. Utashangaa kuona kundi moja limezidi mengine kwa mbali. Hilo ndilo utaanza nalo. Mengine yasubiri mpaka njia ya kwanza itulie.

Hesabu stoo kabla hujapiga picha hata moja

Hapa ndipo maduka mengi yanapoharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dukani, mteja akiuliza shuka la sita kwa sita rangi ya maziwa, unageuka, unaangalia rafu, unamjibu. Mtandaoni mteja anauliza saa tatu usiku, wewe uko nyumbani Buhongwa, duka limefungwa. Ukimjibu "lipo" halafu asubuhi ukakuta lilishauzwa jana mchana kwa mteja wa kaunta, umeshapokea hela ya mtu wa Geita ambaye hakuoni na hakufahamu vizuri. Akilini mwake umeshakuwa tapeli. Na mtu wa Geita ana ndugu, ana kikoba, ana grupu.

Kwa hiyo chagua bidhaa chache. Ishirini hadi thelathini zinatosha kabisa kuanzia, hata kama dukani unazo mia tano. Chukua zile unazoweza kuzipata tena kwa msambazaji wako, zenye saizi zinazoeleweka, na zenye faida ya kutosha kubeba gharama za kutuma. Kitenge cha pisi moja moja ambacho hakitarudi tena kiache kwanza, kitakusumbua. Wauzaji wa mitumba hawana ujanja hapa, kila nguo yao ni moja. Wao wanalazimika kuwa wepesi wa kuandika "imeuzwa" dakika ileile.

Kila bidhaa ipe namba fupi. Shuka S1, S2, S3. Pazia P1. Dera D1. Andika namba hiyo kwa maka kwenye kipande cha boksi na ukichomeke kwenye rafu mbele ya bidhaa, na andika namba hiyohiyo kwenye picha na kwenye daftari. Namba inaondoa mazungumzo ya "lile la bluu, siyo hilo, lile lenye maua kidogo." Mteja anaandika "nataka S14 mbili" na biashara imeisha.

Kisha tenga bidhaa za mtandaoni. Ukiwa na mashuka sita ya S14, weka mawili kwenye kapu la oda nyuma ya kaunta, na kijana wa kaunta asiyaguse bila kukupigia. Picha unazotuma ni za hayo mawili tu. Yakiisha, unaongeza mawili mengine kutoka rafuni au unaandika "yameisha". Mteja akilipa, shuka lake linaandikwa jina lake kwenye karatasi, linabanwa kwa pini, linabaki kwenye kapu mpaka litakapoondoka. Hata akija mteja wa kaunta ana hela mkononi analitaka hilohilo, jibu ni hapana. Ni vigumu kukataa hela iliyo mbele yako kwa ajili ya mtu aliye Chato, lakini yule wa Chato ameshalipa.

Jumapili jioni hesabu kapu na linganisha na daftari. Kazi ya robo saa.

Simu na laini ni za duka

Nunua laini mpya, isajiliwe kwa kitambulisho chako wewe mwenye duka, siyo cha kijana anayekusaidia. Nimeona kijana akiacha kazi na kuondoka na wateja wote kwa sababu namba ilikuwa yake, na kisheria hakuna aliyeweza kumdai. Piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, uhakikishe hii ya duka imo na hakuna usizozijua.

Weka WhatsApp Business, ambayo ni bure. Siku hiyohiyo nenda kwenye mipangilio ya akaunti uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri unayoijua wewe tu. Wezi wa akaunti huja kwa njia moja: anakupigia mtu mwenye sauti nzuri, anasema ametuma tarakimu sita kwa bahati mbaya kwenye simu yako, anaomba umsomee. Ukimsomea, ameshaingia, na ndani ya saa moja anawaomba wateja wako hela kwa jina la duka lako. Mfundishe kijana wako jambo hilo kabla hujamfundisha kupiga picha.

Akaunti moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe, kwa hiyo simu kuu ibaki kwako na kijana atumie kifaa kilichounganishwa. Siku akiondoka unakiondoa kwenye orodha, basi.

Picha, vipimo na bei

Taa za ndani ya maduka yetu zinabadilisha rangi. Shuka la maziwa linaonekana la njano, na pazia la kijani linaonekana la bluu. Piga picha mlangoni au barazani, saa tatu hadi saa nne asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla watu hawajajaa. Nyuma weka shuka jeupe lisilo na maua. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa, maana simu ya dukani inashikwa na mikono yenye vumbi siku nzima.

Kwa kila bidhaa piga picha nne: nzima ikiwa imetandazwa, kona moja kwa karibu ili uzi uonekane, lebo, na kasoro kama ipo. Picha ya kasoro usiiogope. Mteja aliyeonyeshwa doa dogo akakubali kununua kwa punguzo hatarudisha mzigo. Usichukue picha za mtandaoni za kiwanda, zile zenye kitanda cha kifahari na dirisha kubwa, kwa sababu mteja atalinganisha na alichopokea.

Vipimo viandikwe kwa namna watu wanavyozungumza. Mashuka: nne kwa sita, tano kwa sita, sita kwa sita, na useme ni shuka ngapi na foronya ngapi. Mapazia: upana na urefu kwa mita, na kama yana pete au ya kushona. Dera "free size" halimsaidii mtu mnene wala mwembamba. Chukua tepu ya fundi, pima upana wa kifua na urefu kutoka begani hadi chini, andika kwa inchi.

Halafu bei. Andika bei. Ile tabia ya "bei njoo inbox" imewachosha watu, na kwa mteja wa mbali inamaanisha utamwangalia sura ndipo umpangie. Mteja akiona 40,000 imeandikwa, anayeweza ataagiza na asiyeweza ataendelea na shughuli zake bila kukupotezea muda. Akiomba kupunguziwa, na ataomba, uwe umeshaamua mapema unaweza kushuka hadi wapi na kwa oda ya kiasi gani.

Kufungua duka lenyewe

Ndani ya WhatsApp Business kuna sehemu ya katalogi. Ingiza bidhaa zako zile thelathini: picha, namba, maelezo ya mistari miwili, bei. Jaza wasifu wa duka: mtaa, alama inayojulikana karibu, saa za kufungua. Picha ya wasifu iwe ya mbele ya duka ikionyesha kibao. Mteja aliyewahi kupita hapo atakutambua, na asiyekujua anaweza kumtuma ndugu yake wa Mwanza aje kuhakikisha.

Tengeneza majibu ya haraka matatu tu: ya jinsi ya kulipa, ya jinsi mzigo unavyotumwa, na ya kurudisha bidhaa. Lakini salamu jibu mwenyewe. Mteja wa Kwimba akikuandikia "mwangaluka", mjibu salamu yake kwanza, umuulize habari za huko, ndipo mwingie kwenye shuka. Ujumbe wa kujijibu wenyewe unaoanza na "Karibu, chagua 1 kwa bidhaa, 2 kwa bei" unawafukuza mama zetu.

Stetasi ndiyo kibanda chako cha mbele. Inakaa saa 24 kisha inapotea, kwa hiyo weka kila siku bidhaa tatu au nne tu, asubuhi mapema na jioni watu wakiwa wamepumzika. Picha thelathini kwa mfululizo hazitazamwi.

Facebook, Instagram na TikTok fungua, ila kwa mwezi wa kwanza ziwe mlango wa kuwaleta watu WhatsApp. Chagua mmoja uliozoea. Kwa kanda hii mimi naanza na Facebook, kwa sababu watu wazima wengi wa wilayani wako huko. Kuna pia tovuti za matangazo kama Jiji, nzuri zaidi kwa simu, samani na pikipiki kuliko kwa mashuka. Na usihuzunike kwamba hatuna soko kubwa la mtandaoni lenye maghala yake: Jumia ilijaribu Tanzania na ikafunga Novemba 2019. Muuzaji mdogo anayejulikana, mwenye simu na mtu wa kuaminika stendi, ameendelea kuuza miaka yote hiyo.

Kupokea hela

Omba lipa namba, yaani namba ya biashara ya kupokea malipo kwa simu, kwa jina la biashara. Mitandao yote mikubwa inatoa, na mabenki pia. Faida yake ni mbili. Mteja akiingiza namba anaona jina la duka kabla hajaweka namba ya siri, na hilo linamtuliza. Pili, hela ya duka inatengana na ile ya ada za watoto na vocha.

Mteja akisema ameshalipa, usisome ujumbe aliokutumia. Usisome hata ule ulioingia kwenye simu yako ukiwa na haraka. Angalia salio au taarifa ya miamala ndani ya menyu yenyewe. Ujumbe wa kughushi unafanana na wa kweli kwa kila herufi, tofauti ni kwamba umetumwa na namba ya kawaida ya simu. Picha ya skrini nayo inatengenezwa kwa dakika mbili.

Akipiga mtu kusema amekosea kutuma na anaomba umrudishie, usimrudishie kwa mkono wako. Mwambie apigie kampuni yake ya simu, wao wana utaratibu. Ukimrudishia mwenyewe, anaweza kuwa ameshaomba muamala urudishwe, ukalipa mara mbili. Ujumbe wa utapeli na namba iliyoutuma unaviripoti TCRA kwa kutuma kwenye 15040.

Nani alipe lini? Kwa mteja wa mjini, kulipa akipokea kunakubalika, mradi bodaboda ni wako wa siku zote na mteja amelipia nauli ya boda kabla. Hiyo nauli inachuja wanaotania. Kwa mteja wa nje ya mji, alipe yote kabla mzigo haujaondoka. Mteja mpya anayesita anastahili kuheshimiwa, maana wengi wameshaibiwa. Mpigie video dakika moja, umwonyeshe duka, rafu na shuka lake likifungwa. Au mwambie atume ndugu yake aliye Mwanza aje alipie dukani.

Ujumbe wa oda uandikwe hivi, kila mara kwa mpangilio uleule:

"Habari za leo dada. Oda yako ni shuka S14, sita kwa sita, rangi ya maziwa, shuka mbili na foronya nne, 40,000. Ukiweka lipa namba litatokea jina la duka letu, likitokea jina lingine usilipe. Nauli ya mzigo utaitoa mwenyewe ukichukua Geita. Ukilipa leo kabla ya saa tano asubuhi mzigo unaondoka leo, baada ya hapo unaondoka kesho."

Mzigo uondoke, na mteja ajue uko wapi

Hii ndiyo roho ya biashara, na ndiyo sehemu ambayo muuzaji wa Mwanza ana nafuu kubwa, kwa sababu magari na meli zinazokwenda kwa wateja wake zinaondoka kila siku.

Kwa upande wa Sengerema, Geita, Chato na kuendelea, mizigo inaondokea stendi ya Nyegezi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa ile hali ya kutojua feri itavuka saa ngapi. Sasa unaweza kumwahidi mteja wa Sengerema kwamba mzigo wa asubuhi ataupata mchana, na ahadi ikasimama. Kwa hiyo kama daftari lako halikuonyesha kundi lililozidi sana, anza na njia hii. Kwa Magu, Bunda na Musoma tumia stendi ya Nyamhongolo.

Ukerewe kuna meli na boti za kwenda Nansio, na wengine hupitisha mzigo Bunda hadi Kisorya kisha kwenye kivuko. Mzigo wa kisiwani uupe siku maalumu, mathalani Jumanne na Ijumaa, uwaambie wateja siku hizo ndizo siku za Ukerewe. Ziwa likichafuka au chombo kikiahirishwa, mwambie mteja mapema kabla hajaenda gatini kusubiri.

Nenda stendi mwenyewe mara ya kwanza, siyo kwa simu. Tafuta ofisi ya mizigo ya basi inayotoa risiti yenye namba, uulize mzigo ukipotea wanalipaje, ongea na wakala wa upande wa pili. Epuka kumpa konda mkononi bila karatasi, hata kama ni rahisi. Siku mzigo ukipotea, konda atasema aliuacha ofisini na ofisi itasema haikuupokea, na wewe huna chochote cha kushika.

Kufungasha: mashuka na mapazia yaache ndani ya mfuko wake wa kiwandani wenye zipu, kisha uyatie kwenye kiroba na ukishone mdomo kwa uzi na sindano ya kiroba. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, usitume mzigo ndani yake. Juu ya kiroba andika kwa maka jina la mpokeaji, namba yake, kituo cha kushukia, na namba ya duka. Andika pande mbili, kwa sababu upande mmoja utafutika kwa kusuguana kwenye buti la basi.

Boda akirudi na risiti, ipige picha umtumie mteja pamoja na jina la basi, namba ya gari na muda wa kuondoka. Kisha saa ambayo gari linatarajiwa kufika, mpigie: "Dada, umeshaupata?" Simu hiyo ya dakika moja ndiyo inayoleta oda ya pili.

Piga hesabu upya

Bei ya kaunta inaweza kukutia hasara mtandaoni bila kujua. Tuseme shuka S14 umelinunua 28,000, unaliuza 40,000. Faida ghafi ni 12,000. Mteja wa Geita anaomba kupunguziwa 2,000, unakubali. Kiroba na uzi 500. Boda kutoka mjini hadi Nyegezi 3,000. Makato na bando, weka 700. Umebaki na 5,800, na hujatoa kodi ya fremu wala mshahara.

Sasa kusanya oda nne za njia hiyo, boda abebe kwa safari moja. Gharama ya boda kwa kila mzigo inashuka hadi 750, na faida inapanda hadi 8,050 kwa shuka lilelile. Ndiyo maana nimesisitiza njia moja na muda mmoja wa kufunga oda. Ukikubali kila mtu wakati wake, boda ndiye atakayekula faida yako.

Njia nyingine ni kuuza kwa seti: shuka na pazia la rangi inayoendana, au madera matatu kwa bei ya pamoja. Wateja wenye maduka madogo wilayani ndio watakaokubeba zaidi, kwa sababu wananunua kumi kumi. Wawekee bei yao ya jumla na orodha yao tofauti, usiwachanganye na wa rejareja.

Bidhaa ikirudi

Amua sheria kabla ya tatizo na uiandike kwenye katalogi. Pendekezo langu: umekosea wewe, yaani rangi, saizi au bidhaa siyo, unabadilisha na nauli zote ni zako. Mteja amebadili mawazo, anaweza kurudisha ndani ya siku tatu baada ya kupokea, haijafuliwa wala kutandikwa, na nauli ni yake. Ukikosea, usibishane. Tuma nyingine na gari linalofuata, kisha shughulikia ile iliyokosewa.

Karatasi za serikali

Kuuza mtandaoni hakukuondoi kwenye TIN, leseni ya biashara na risiti ya EFD ulizonazo kwa ajili ya duka. Leseni inatoka halmashauri ulipo: Jiji la Mwanza kwa Nyamagana, Manispaa kwa Ilemela. Jina la biashara lisajili BRELA, kwa sababu kwenye mtandao jina huibwa haraka. Mauzo ya mtandaoni yanajumlishwa na ya kaunta. Mfanyabiashara mdogo analipa kodi kwa kufuata mauzo mpaka shilingi milioni 100 kwa mwaka, na akizidi hapo anatakiwa kuandaa hesabu kamili, kwa hiyo daftari la oda lihifadhi vizuri na uongee na ofisa wa TRA mapema.

Jambo moja dogo ambalo wengi hawalifikirii: kupost picha za miamala ya wateja ili kuonyesha kwamba unaaminika. Ziba jina na namba ya mteja kabla hujapost, na umwombe ruhusa. Hakukupa namba yake ili uianike.

Kutangaza kwa hela

Subiri mpaka oda zinaondoka bila kelele. Ukianza, lipia tangazo la bidhaa moja, kwa eneo la njia yako tu, mathalani Geita na Sengerema, na kitufe kimlete mtu moja kwa moja WhatsApp. Tangazo la Tanzania nzima litakuletea maswali ya Mbeya na Mtwara ambayo huwezi kuyahudumia kwa gharama inayoeleweka. Kila anayekuja muulize ameona wapi, andika. Ikiwa hela uliyolipia haijarudi kwenye faida ndani ya wiki mbili, badilisha picha au bidhaa, usiongeze hela.

Baada ya miezi mitatu

Fungua daftari uangalie mambo manne: oda ngapi zimelipwa, ngapi zimerudi, wateja wangapi wameagiza zaidi ya mara moja, na faida iliyobaki baada ya boda na kiroba. Wanaorudia ndio kipimo. Kama karibu kila oda ni ya mtu mpya, kuna kitu hakiendi sawa upande wa mzigo au ubora, kirekebishe kabla hujaongeza njia ya pili.

Namba za wateja zinakili kwenye daftari la karatasi pia. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima, na aliyekuwa na namba kwenye daftari aliendelea kuuza kwa kupiga simu na kutuma meseji za kawaida.

Fremu usiiachie. Wateja wengi wa mbali wananunua mtandaoni kwa sababu wanajua duka lipo na wanaweza kulifikia. Unachoweza kufanya ni kugeuza nusu ya nyuma kuwa stoo na meza ya kufungashia, na kupunguza bidhaa za maonyesho mbele.

Tovuti yako mwenyewe yenye .co.tz iache mpaka katalogi ya WhatsApp ikulemee: bidhaa zinapita mia kadhaa, maswali ya bei yanajirudia siku nzima, na una mtu wa kuibadilisha kila mzigo mpya unapoingia. Siku hiyo ikifika, mtengenezaji umpe daftari lako lenye namba za bidhaa, vipimo na njia za usafiri, na tovuti isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako, siyo yake.